Dawa ya Sukari, Saa Nne Asubuhi

Mashine ya kupimia sukari haikutoa namba. Iliandika herufi mbili tu, HI, na mimi kwa ushamba wangu nikadhani imetusalimu kwa Kiingereza. Muuguzi hakucheka. Aliniambia ikiandika hivyo ujue sukari imepita pale inapoweza kusoma. Akamwita mwenzake, wakamsukuma mama kwenye kitanda cha magurudumu hadi chumba cha ndani, nami nikabaki koridoni na mkoba wake, leso yake na kandambili.

Ilikuwa Oktoba 2024, na mama alikuwa na miaka 73. Nilifungua mkoba kutafuta kitambulisho. Kilikuwemo, pamoja na tasbihi, noti ya mia mbili iliyokunjwa mara nne, na chupa ya soda ya nusu lita iliyooshwa ikatiwa maji ya rangi ya chai ya mkandaa. Ilibandikwa karatasi iliyopigwa fotokopi mara nyingi hata herufi zimeanza kumeguka. Niliifungua nikanusa. Mwarobaini, tangawizi, na chini yake harufu ya maji yaliyolala. Bei nilikuja kuijua baadaye: chupa 3 kwa shilingi 4,500, dozi ya siku 45. Alilipa kwa simu, kwenye namba ya till iliyosomwa redioni mara mbili, polepole, ili wazee wapate kuandika. Aliyemwandikia ni mjukuu wake, na aliapishwa asiniambie.

Vidonge vyake vya metformini nilivikuta siku ya pili, ndani ya kopo la Kimbo nyuma ya gunia la makaa. Hakuvitupa. Mama hatupi kitu. Alivihesabu vizuri na kuviweka pembeni, vya wiki tano, kama mtu anayeweka nguo za msimu uliopita.

Redio ile nilimnunulia mimi. Hilo nalo niliseme mapema. Tunakaa Majengo, Pumwani, hapa Nairobi, na mama ni mtu wa redio tangu alfajiri. Iko juu ya kabati, mlango wa betri umevunjika na umefungwa kwa raba, na antena imeongezewa waya wa kuanikia nguo. Jirani akitaka kujua saa hatazami simu, anauliza kupitia dirishani: "Bi mkubwa, wamefika wapi?" Naye anajibu, taarifa imeisha, au bado kidogo vifo.

Vifo ndiyo habari anayoiheshimu kuliko zote. Kwa mtu aliyekulia enzi za Sauti ya Kenya, redio ndiyo iliyokuwa ikikujulisha kwamba mjomba wako amefariki Taveta na mazishi ni Jumamosi, kwa hiyo ndugu wa Nairobi, Nakuru na Mombasa wanaombwa wafike. Hapakuwa na simu ya kuhakikisha. Ulisikia, ukafunga safari, na ukifika ukamkuta marehemu kweli amelala. Sasa mtu wa namna hiyo, aliyepokea misiba yake yote kutoka kwenye kisanduku kile na hakikumdanganya hata mara moja, utamwambia nini kuhusu mwarobaini?

Na stesheni yenyewe inajua hivyo. Nilipokuwa nikimwangalia mama wodini nilianza kusikiliza kipindi kile kwa simu yangu, kwa vifaa vya masikioni, siku tano mfululizo. Kilianza saa nne asubuhi. Mtangazaji alikuwa yule yule aliyesoma muhtasari wa habari saa tatu, kwa sauti ile ile, pumzi ile ile. "Karibuni katika kipindi cha afya. Leo tena tuko na daktari wetu studioni." Daktari alisalimia kwa Kiswahili kizuri, cha mtu aliyekaa na wazee. Alieleza sukari ni nini, na nusu ya alichosema kilikuwa sawa kabisa, hata muuguzi angekubali. Kisha zikaingia simu. Mwanamke wa Kayole alikuwa na sukari miaka 12, leo anakula chapati. Mzee wa Thika alishaambiwa atakatwa mguu, sasa anacheza na wajukuu. Sauti ya huyo mzee niliisikia tena siku ya nne, akiwa wa Machakos, na tatizo lake siku hiyo lilikuwa tezi.

Daktari hakuwahi kusema, acheni vidonge. Hapo ndipo nilipomvulia kofia. Alisema hivi: "Ukianza dawa hii, mwili wenyewe utakuambia kama bado unazihitaji zile kemikali." Na mwili wa mtu mwenye sukari haumwambii chochote mpaka siku unapomwambia kila kitu kwa pamoja.

Mama alikaa hospitali siku 11. Bili tulichanga, ndugu na majirani, na msikiti ukatuongezea. Alirudi nyumbani, macho yake hayajarudi sawasawa.

Wiki mbili baadaye nilikwenda stesheni. Sitaitaja, na kusema kweli ningeweza kubadilisha masafa nikaikuta nyingine inafanya hayo hayo. Nilipanda ngazi hadi mapokezi, nikaomba kumwona mhariri. Mhariri, nikaambiwa, hahusiki na kipindi hicho. Nilipelekwa kwa kijana wa idara ya mauzo, nadhifu, mwenye adabu, akanipa kiti na maji ya chupa. Nilimweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akanipa pole ya kweli, naona ilikuwa ya kweli, halafu akasema: "Bosi, sisi tunauza muda. Anachosema mtu ndani ya muda wake ni chake."

Sentensi hiyo nimekaa nayo karibu mwaka mzima.

Kumbe saa ile nzima ilikuwa tangazo. Daktari hakualikwa, alipanga chumba. Mtangazaji aliyemwita "daktari wetu" alikuwa akisoma alicholipiwa, na hakuna popote katika dakika 60 aliposema hivyo. Msikilizaji wa miaka 73, mwenye leso begani na kalamu mkononi, alitakiwa ajue mwenyewe kwamba saa tatu na dakika tano alikuwa anapewa habari na saa nne na dakika tano anauziwa maji.

Kijana alikosea, tena kisheria. Mwenye leseni ya utangazaji nchini Kenya anawajibika kwa kinachotoka kwenye mtambo wake. Kanuni za utangazaji za mwaka 2009 zinamtaka asirushe matangazo ya kuhadaa, na zinamtaka awe na utaratibu wa kupokea malalamiko. Masafa hayakuwa ya babake. Ni mali ya umma, yana kikomo, na anakopeshwa kwa masharti. Ukienda Soko la Burma hapa chini kununua nyama, utaona kwenye paja la ng'ombe muhuri wa zambarau wa mkaguzi. Hakuna mchinjaji anayekwambia yeye anakodisha ndoano tu, nyama iliyoning'inia ni shauri lako na ng'ombe. Akisema hivyo atafungiwa duka kabla ya adhuhuri, na hatutaita huo ukandamizaji wa wachinjaji.

Watu wengi wa rika langu wakisikia neno udhibiti wanashika kichwa, na wana haki. Tumekuzwa na redio moja na televisheni moja ya serikali mpaka televisheni ya binafsi ya KTN ilipoanza mwaka 1990, na tunajua ilivyokuwa taarifa ya habari ikianza na rais, ikaendelea na rais. Kwa hiyo tukizungumza habari ya vyombo, tunakimbilia Kifungu cha 33 na cha 34 cha Katiba ya 2010, uhuru wa kujieleza na uhuru wa vyombo vya habari. Hivyo tunavijua kwa moyo. Kifungu cha 46 hakuna anayekinukuu. Hicho ndicho kinachosema mtumiaji ana haki ya kulindwa afya yake, usalama wake na mfuko wake, na kinaliagiza Bunge kutunga sheria ya matangazo ya biashara yaliyo ya haki, ya kweli na ya staha. Kiko kwenye katiba ile ile, kurasa chache mbele. Mwandishi ana vifungu viwili vya kumlinda na mama yangu ana kimoja, lakini nacho ni kifungu.

Kakangu mkubwa, aliye Mombasa, hakubaliani nami. Tulizozana kwa simu usiku mmoja hadi salio likaisha. Alisema mama ni mtu mzima, alichagua, na mimi natafuta wa kulaumu kwa sababu sikuwepo nyumbani. Hilo la mwisho lilinichoma kwa kuwa ni kweli. Halafu akasema jambo ambalo mpaka leo sina jibu lake kamili: "Leo ukiwapa nguvu ya kumzima mganga, kesho watamzima sheikh, keshokutwa watakuzima wewe. Hawa unawajua, mdogo wangu."

Nawajua. Kwa miaka kadhaa tumekuwa tukiwaona wakizima. Januari 30, 2018, kiongozi wa upinzani wa wakati huo, Raila Odinga, alipokula kiapo chake cha "rais wa wananchi" Uhuru Park, serikali ilikata matangazo ya televisheni za Citizen, Inooro, NTV na KTN News. Maofisa walipanda hadi kwenye mitambo ya Limuru. Mahakama Kuu iliamuru zirudishwe Februari 1, na amri ikakaa mezani siku kadhaa kama barua ya mdeni. Kabla ya hapo, Desemba 30, 2007, nchi ikianza kuwaka, waziri wa usalama wa ndani alipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja, kila mtu, mwenye kosa na asiye na kosa.

Na bado siwezi kusema mwaka huo hapakuwa na la kudhibitiwa. Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia za baada ya uchaguzi, ilihesabu watu 1,133 waliouawa, na ilitaja baadhi ya stesheni za lugha za mama kuwa zilichochea. Sisi wa Majengo tulisikia wenyewe maneno yaliyokuwa yakisemwa kwa mafumbo, ya nyoka, ya magugu, ya wageni wa watu. Mtangazaji mmoja alifika hadi Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, The Hague, na Aprili 2016 kesi ikafutwa kwa kukosa ushahidi wa kutosha. Sheria ya Utangamano na Uwiano wa Kitaifa ya 2008 ilizaliwa na damu ile. Haijamfunga mwanasiasa wa maana, lakini nimeona jinsi watangazaji wa leo wanavyomkatiza mpigaji simu anapoanza "hawa watu wa...", na kwangu mimi hiyo si haba.

Kumbukumbu inayoniumiza zaidi ni ya Shakahola. Paul Mackenzie alikuwa mhubiri wa Malindi mwenye kanisa na televisheni. Alihubiri kwamba shule ni za shetani, hospitali ni za shetani, na mwisho umefika. Hakunong'ona. Mahubiri yalirushwa hewani, yakarekodiwa, yakawekwa YouTube, na watu wakafunga mizigo kutoka pembe mbalimbali za nchi wakamfuata msituni Kilifi. Aprili 2023 ndipo makaburi yalipoanza kufukuliwa, na maiti zilipita 400, wakiwemo watoto wengi. Miezi minane baadaye, Desemba 2023, mahakama ya Malindi ilimhukumu kifungo cha miezi 12. Kosa? Kuendesha studio na kusambaza filamu bila leseni ya Bodi ya Uainishaji wa Filamu. Kesi za mauaji zilikuwa bado ziko mbele, na sheria iliyomfikia kwanza ni ile ndogo ya leseni, ile tunayoicheka, ya mabusu kwenye sinema na video za nganya, zile matatu za mapambo, za Rongai.

Niliposoma hukumu ile nilikaa kimya muda mrefu. Jino lilikuwepo. Liliuma baada ya kaburi.

Basi niliandika malalamiko. Kwanza kwa stesheni, kama utaratibu unavyotaka, kisha kwa ofisi moja ya umma, Novemba 2024, nikaambatanisha rekodi za siku tano, picha ya chupa na risiti ya simu. Aliyenipokea alikuwa mama wa makamo aliyesoma barua yote mbele yangu, akatikisa kichwa, akagonga muhuri. Alinifafanulia, kwa upole, kwamba jambo langu lina sehemu tatu. Maadili ya mtangazaji ni ya Baraza la Vyombo vya Habari, masafa na kipindi ni vya Mamlaka ya Mawasiliano, dawa na matangazo yake ni vya Bodi ya Famasia na Sumu. Sikumlaumu, ndivyo sheria zilivyogawa. Lakini mganga hakugawa. Yeye alitumia mtangazaji, masafa na dawa kwa wakati mmoja, kwenye saa moja, kwa till moja.

Kipindi kiliendelea. Desemba, Januari, Februari. Mama aliporudi kusikiliza redio, sauti ile ilikuwa bado inamsubiri saa nne.

Katikati ya hayo yote kulitokea mwezi mmoja wa ajabu. Mwisho wa Aprili 2025, bodi ya leseni za kamari ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30, kwenye redio, televisheni, mabango, kila mahali. Mama hakuwa amesikia habari hiyo. Siku ya tatu akaniuliza, "Leo redio imefanya nini? Mbona inapumua?" Kweli, ilikuwa inapumua. Mpira ulitangazwa bila mtu kukwambia uweke hamsini upate laki. Vijana wa baraza letu, wanaoshinda wakitazama kidege cha kamari kinavyopaa kwenye simu, hawakuacha kucheza, sitaki kudanganya. Lakini hakuna aliyewaita kwa jina kila dakika kumi. Siku 30 zikaisha, nayo redio ikarudia kuhema.

Halafu ikafika Juni 25, 2025. Jumatano. Mwaka mmoja tangu vijana waandamanaji waingie Bungeni. Eastleigh ilifungwa, Gikomba ilifungwa, moshi wa machozi ulifika hadi uani kwetu. Tulikuwa sebuleni, mimi, mama na majirani wawili walioleta viti vyao, tukitazama NTV mubashara. Mamlaka ya Mawasiliano ilikuwa imeviandikia vituo barua kuviamuru visitishe matangazo ya moja kwa moja ya maandamano. Mchana ule skrini ikawa nyeusi. Kijana wa jirani akabadilisha kwenda KTN, nayo nyeusi. K24, hivyo hivyo. Mahakama Kuu ilisimamisha agizo lile siku hiyo hiyo, mawimbi yakarudi, lakini kwa saa kadhaa tulikaa mbele ya kioo tunajitazama wenyewe.

Mama haoni vizuri siku hizi, alihitaji kuelezwa. Nikamwambia, wamezima. "Nani?" Serikali. "Zote?" Tatu. Akanyamaza, akapangusa miwani kwa upindo wa leso, kisha akasema kama anayeongea peke yake:

"Kumbe wanaweza."

Jirani alidhani anazungumzia maandamano. Mimi nilijua anazungumzia nini. Miezi saba barua yangu ilikuwa na muhuri. Barua ya kuzima maandamano ilifanya kazi kabla ya chai ya saa kumi.

Hapo ndipo ubishi wangu na kakangu uliponigeukia sura. Yeye anaogopa mkono wa dola kwa sababu ni mzito. Mimi naona ni mzito upande mmoja tu. Mkono huo unapooza ukifika kwa anayelipia muda wa hewani. Juni hiyo hiyo, Albert Ojwang, mwalimu na mwanablogu, alikamatwa kwao Homa Bay kuhusu maandishi ya mtandaoni juu ya naibu wa Inspekta Jenerali wa Polisi. Aliletwa Nairobi usiku, akafa akiwa kwenye seli ya Central. Polisi walisema alijigonga ukutani. Uchunguzi wa maiti ukasema vingine. Sheria ya makosa ya mtandao ya 2018 iliweka faini ya hadi shilingi milioni 5 kwa anayechapisha habari za uongo, na kifungo cha hadi miaka 10 zikileta taharuki. Sijawahi kumsikia mwuza dawa ya sukari hata mmoja aliyepelekwa kortini kwa sheria hiyo.

Kwa hiyo ninapodai udhibiti, nadai ule unaoanza na swali la nani amelipa. Mtu akisema serikali imeiba, hata akikosea, mwache aseme, aliyesingiziwa aende mahakamani kama raia mwingine. Mtu akilipa stesheni ili aniambie niache vidonge, niweke dau, au nimtumie sadaka ndipo saratani iondoke, hapo hatuko tena kwenye uhuru wa maoni. Tuko sokoni, na soko lina mizani na mkaguzi. Stesheni itangaze kila baada ya dakika chache kwamba saa hii imenunuliwa. Asiye na cheti asiitwe daktari hewani. Anayesoma habari asiuze dawa kwa sauti ile ile. Na mlalamishi awe na dirisha moja, halafu hao wenye ofisi wagawane wenyewe huko ndani. Uamuzi ukitolewa, usomwe kwenye stesheni iliyokosa, saa ile ile ya kosa, polepole, mara mbili, kama ile till.

Kuzima mtambo mzima kusiwe kazi ya ofisa na barua yake. Kwanza hakimu asikilize. Hapo nampa kakangu pointi yake yote.

Si kwamba haiwezekani. Machi 2021, watangazaji wa kipindi cha asubuhi cha stesheni moja ya Nairobi walimcheka hewani mwanamke aliyeumia vibaya baada ya kuanguka kutoka ghorofa ya juu ya jengo, wakasema ni yeye aliyejileta. Mamlaka ya Mawasiliano iliitoza stesheni faini ya shilingi milioni 1 na kusimamisha kipindi miezi sita. Mdhamini mkubwa alijitoa, watangazaji wakafukuzwa. Ilichukua siku chache tu, kwa kuwa watu walipiga kelele mtandaoni mpaka pesa zikasikia. Wasikilizaji wa saa nne asubuhi hawapigi kelele mtandaoni. Wengi wao ni wajane wenye simu za kubonyeza.

Kuhusu simu za kuteleza sina mengi, ingawa najua ndiko mchezo wote unakohamia. Jambo moja tu. Mahakama ya Rufani iliamua Septemba 2024 kwamba Meta inaweza kushtakiwa hapa Kenya na vijana waliokuwa wakichuja picha za mauaji na ubakaji kwa niaba ya Facebook, kazini Nairobi, mpaka usingizi ukawapotea. Na Aprili 2025 Mahakama Kuu ikaamua inaweza kusikiliza kesi ya mwana wa profesa wa Ethiopia aliyeuawa baada ya kuandikwa kwenye mtandao huo. Nilipomweleza mama kwamba kuna watoto wa watu walioajiriwa kutazama uchafu ili sisi tusiutazame, aliuliza wanalipwa ngapi. Nilipomjibu akasema, "Basi na redio wangeweka wawili watatu."

Kipindi cha saa nne kiliondoka hewani kimya kimya mwaka huu, bila tangazo wala radhi. Nilifurahi kwa wiki mbili hivi, nikajiambia pengine barua ilifika mahali. Juzi nilikuwa jikoni nikimkorogea uji, yapata saa sita na nusu, redio iko juu ya kabati kama kawaida. Mtangazaji mwingine, mwanamke, anakaribisha wasikilizaji kwenye dakika za tiba. Leo ni viungo, magoti na mgongo. Mtaalamu akasalimia kwa Kiswahili chake kizuri cha kukaa na wazee.

Mama aliinua kichwa. "Ni yule yule," akasema. "Kabadilisha ugonjwa."

Niliweka mwiko chini, nikanyoosha mkono kuzima.

"Usizime wewe. Punguza tu. Vifo vinakaribia."